Mikono Yako Haina Ugonjwa

Kibondo, Julai 2014

Mwanangu Devota,

Mikono yako haina ugonjwa. Haijawahi kuwa nao. Nimelijua hili tangu siku ile ya video ya harusi dukani kwa Bwana Shabani, na sijamwambia mtu yeyote, si bibi, si mwalimu wa Kasulu, hata padri sijamwambia. Wewe ndiye wa kwanza.

Najua utaisoma barua hii polepole. Kiswahili chako cha kusoma bado ni kidogo, na mimi nikishika kalamu nasema mengi kuliko nikifungua mdomo. Soma unachoweza sasa, mengine utayaelewa ukifika darasa la tano au la sita. Sikukueleza kwa mikono kwa sababu alama zetu hazifiki kwenye jambo kama hili. Na alama zenyewe ni mimi niliyekufundisha, ndiyo shida yenyewe ilipo.

Mambo ya sabuni, ndoo na kufuli la sanduku utakalokwenda nalo shuleni kesho bibi ameshakuonyesha mpaka umemkimbia. Sitayarudia. Jioni hii yuko uani anashona jina lako kwenye blanketi, na wewe umekaa miguuni pake umemshikia uzi. Kila akimaliza herufi moja anakuvuta mkono, anaupaka mawese, anauchua kidole kwa kidole, halafu anarudi kwenye herufi. Ninawaona kutoka hapa mlangoni. Amefanya hivyo kila jioni tangu tuliporudi kutoka Kasulu mwezi wa tano. Nimeshindwa kuendelea kutazama, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Watu huuliza inakuwaje uniite mama na mimi nina miaka kumi na minane. Dada yangu Agripina ndiye aliyekuzaa, mimi ni mama yako mdogo. Homa ilichukua masikio yako ukiwa na miaka minne. Miaka miwili baadaye Agripina aliolewa Kahama, na mume wake akasema aanze kwenda mke kwanza, mtoto atafuata. Hukufuata. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nilikuogesha, nilikulisha, nililala na wewe kitanda kimoja, na siku mwalimu wangu aliponiuliza nina ndugu wangapi nyumbani nilisema nina mtoto. Darasa zima lilicheka. Sikusema tena, lakini sikuacha kufikiri hivyo.

Miaka yote hiyo tuliongea kwa alama zetu wenyewe. Kupiga paja ilikuwa bibi, kwa sababu ya goti lake. Kunusa ilikuwa chakula. Zilitutosha nyumbani, lakini nje ya uzio wetu hakuna aliyezijua. Ndipo mwaka huu, mvua za kwanza zilipokuwa zinaisha, mwalimu wa shule ya Kasulu akaja parokiani kutafuta watoto wasiosikia. Unakumbuka ulivyomtazama? Alikaa nawe mchana mmoja tu, akakuonyesha alama za kweli, na wewe hukutaka hata kwenda kunywa uji. Akasema vipimo vitakuwa mwezi wa tano, tukufundishe kadiri tuwezavyo, na akaniachia flashi yenye video za masomo alizojirekodi mwenyewe kwa kamera ya shule. Alinipa mimi. Aliuliza nani hapa anaweza kompyuta, na bibi akanisukuma mbele kwa mgongo wa mkono kama anasukuma mbuzi.

Matokeo yangu ya kidato cha nne unayajua, hayakunipeleka popote. Nilikuwa nimeshaanza kazi kwa Bwana Shabani, pale tunapoingiza nyimbo kwenye simu na kuandaa video za harusi na kipaimara. Nilipenda ile kazi kwa sababu mtu hukaa nyuma ya kioo na wateja huongea na Bwana Shabani. Nikamwomba nitumie kompyuta yake wakati wa mchana, wateja wanapokwenda kula.

"Itumie, binti," alisema. "Ila ukimfundisha huyo mtoto kunisema vibaya kwa mikono, nitajua. Wakwe zangu Pangani wana kiziwi, najua alama za matusi zote."

Sasa nisikilize vizuri hapa.

Mwalimu kwenye video alikuwa anakwenda haraka kwangu. Nikapunguza mwendo wa video hadi robo, nikatazama alama moja moja na kuichora. Na kwenye ule mwendo wa robo niliona kitu. Mkono wake ulikwenda mbele, ukarudi nyuma kidogo, ndipo ukaenda mbele tena. Ilikuwa hivyo kwenye alama zote zenye mwendo. Ukiiacha video icheze kawaida unaona mtetemo tu, kama kamera imeshikwa na mtu mwenye baridi. Ukiipunguza, unaona mkono unarudi, wazi kabisa. Kichwa chake kilitulia, nyuma yake palikuwa na ukuta mweupe, hakukuwa na kitu kingine cha kunishtua. Nikajiambia, kumbe lugha hii ndivyo ilivyo, ina kurudi ndani yake. Nilifurahi hata. Nilijiona nimegundua kitu ambacho mtu mwenye haraka asingekiona.

Nikakufundisha hivyo.

Na wewe ulikataa. Hili ndilo linalonikaa kooni. Siku ya kwanza, chini ya ukuta wa jiko, nilikuonyesha "nenda" ya kurudi. Wewe ukaifanya ikiwa imenyooka, mara moja, kama ulivyomwona mwalimu kwa macho yako parokiani. Nikatikisa kichwa, nikakuonyesha tena. Ukainyoosha tena, ukakunja uso, ukaelekeza kidole upande wa kanisani, ukimaanisha yule, yule alifanya hivi. Nami nilikuwa nimetazama video wiki nzima, wewe ulikuwa umetazama mchana mmoja. Nikakushika mkono, nikaupeleka, nikaurudisha, nikaupeleka. Uliponyoosha mara ya tatu nilikupiga vidoleni. Haikuwa kwa nguvu, lakini nilikupiga. Baada ya hapo ulifuata.

Ulifuata vizuri sana. Kufika Pasaka ulikuwa unaongea kutwa nzima, na mikono yako yote ilikuwa inakwenda na kurudi. Ulisali Baba Yetu kwa alama mbele ya kanisa, na bibi akawaambia akina mama waliotuzunguka, "Huyu Yusta ndiye mwalimu wake." Akina mama wakanishika mkono mmoja mmoja. Hakuna aliyewahi kunishika mkono hivyo kwa jambo lolote. Nilitazama chini, lakini nilipenda.

Mwezi wa tano tukaenda Kasulu kwenye vipimo. Wewe ulikuwa mbele ya mwalimu, bibi pembeni yako, mimi kwenye benchi la nyuma. Mwalimu alikuuliza, ukajibu. Akauliza tena, taratibu. Watoto waliokuwa dirishani wakaanza kucheka na kukuigiza, mikono ikitikisika. Mwalimu akawafukuza, akakushika viganja, akavigeuza.

"Anatetemeka tangu lini?" akauliza.

Bibi akasema, "Hatetemeki, mwalimu."

"Mama, anatetemeka. Huoni? Akiwa kimya mikono imetulia, akianza kuongea inacheza. Nilipomwona Kibondo hakuwa hivi. Amepata homa nyingine?"

Bibi alikutazama mikono. Halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyekamatwa, "Labda. Mtoto hawezi kusema kila kitu."

Wewe huwezi kujua walichosema, kwa hiyo nakuandikia. Mwalimu alisema shule itakupokea, ila utaanzia kwenye chumba cha watoto wenye shida zaidi ya moja mpaka mikono itulie. Ni chumba kizuri, alisema, wanasuka, wanapanda mboga, hawasumbuliwi na kusoma na kuandika. Wengine hukaa humo mpaka wanamaliza. Wewe ambaye ulikuwa unalala na daftari langu la zamani chini ya mto, unaiga herufi usizozijua.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa natazama viatu vyangu. Siwezi kukaa chumba kimoja na mtu nisiyemzoea nikainua uso, unanijua. Mikono ya mwalimu ilikuwa hatua chache kutoka kwangu, inaongea, bila kompyuta yoyote katikati. Ningeinua macho mara moja ningeona kwamba hairudi. Sikuinua.

Basi bibi akaanza. Kwanza hospitali, ambako daktari alikutazama vizuri akasema, "Sioni kitu hapa, mpeni mayai." Halafu mawese ya moto. Halafu alikufunga vitambaa viganjani usiku. "Yewe mwana wanje," alikuwa akikuita mwanangu kwa lugha ya nyumbani huku anachua, na wewe humsikii, "baridi ilikuingia wapi nami nipo?" Aliamini ni kosa lake, kwamba alikuacha ukafue na maji ya asubuhi. Goti lake mwenyewe hakulipaka tena mawese, yalikuwa yako.

Mwezi wa sita ndipo ilipokuja ile harusi. Bwana Shabani alikuwa amenunua kamera mpya kutoka Dar, na kazi yake ya kwanza ilikuwa harusi ya binti wa mfanyabiashara wa vitenge hapa sokoni. Familia ilikuja dukani kuitazama kabla hatujaitia kwenye diski. Walijaa mpaka nje. Bibi harusi akatokea mlangoni, akapiga hatua kuelekea kwa bwana harusi, na pale pale akarudi nyuma kidogo. Akaenda, akarudi, akaenda, akarudi.

"Kaghairi," kijana mmoja akasema.

"Mwache, amekumbuka jiko kaliacha linawaka."

"Si niliwaambia hamtaki huyu? Binti kakaa kimya, video imesema."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Baba wa bibi harusi hakucheka. "Shabani," alisema, "mwanangu umemfanya nini?"

"Mwanao mzima, mzee wangu. Ni mashine hii, ina jini. Yusta, mtoe huyo jini."

Wote walinigeukia. Masikio yaliniwaka. Nikachukua video ileile nikaitia kwenye simu, ikacheza vizuri, bibi harusi akaenda moja kwa moja kwa mumewe. Kwa hiyo video ilikuwa nzima, tatizo lilikuwa namna kompyuta inavyoionyesha. Nikaingia kwenye mipangilio ya programu ya kuchezea video, nikazima kitu kimoja baada ya kingine. Kuna mahali ambapo programu inaiachia kadi ya video kazi ya kufungua picha, ili prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ipumzike. Nilipoizima ile, bibi harusi akatembea kama mtu.

Wakapiga makofi. Bwana Shabani akasema, "Mnaona? Mimi sikai na wajinga." Mimi sikusikia vizuri. Nilikuwa nimeshaona mkono.

Nilisubiri duka lifungwe kwa ajili ya sala ya alasiri, nikachomeka flashi ya mwalimu. "Nenda." Mkono ulikwenda. Haukurudi. Nikapunguza mwendo hadi robo, ukaenda polepole, umenyooka, kama ulivyokuwa unaufanya wewe chini ya ukuta wa jiko. Nikawasha tena kadi, mkono ukarudi. Nikazima, ukanyooka. Nilifanya hivyo mpaka Bwana Shabani akarudi kutoka msikitini akanikuta nalia, nikamwambia ni vumbi.

Baadaye nilielewa kwa nini. Ndani ya video picha kamili ni chache. Nyingine zimeandikwa kama mabadiliko tu, na baadhi haziwezi kufunguliwa mpaka ifunguliwe kwanza picha inayokuja baada yake. Kwa hiyo ile ya baadaye hufunguliwa mapema, kisha inatakiwa kukaa ikisubiri zamu yake ya kuonyeshwa. Programu yetu na kadi yetu hazikuelewana kuhusu kusubiri. Kila picha ilionyeshwa papo hapo ilipofunguliwa. Ya baadaye ilitangulia, halafu zikaja za katikati, na mkono ukaonekana kurudi. Kamera ya zamani ya Bwana Shabani haikuandika video kwa namna hiyo, ndiyo maana hatukuwahi kuona kitu.

Kuzima kadi hakukuwa tiba. Prosesa ilibeba mzigo wote, feni ikavuma kama mashine ya kusaga, na kwenye video ndefu kompyuta ikawa inazimika yenyewe. Bwana Shabani akataka kadi iwashwe. Ndipo nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui nilipata wapi ujasiri. Niliwaandikia watengenezaji wa ile programu, kwa mtandao, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Mmoja wao alijibu, akauliza kadi ni ya aina gani na akaomba kipande kifupi cha video chenye tatizo. Sikumtumia bibi harusi, yule si wangu kumgawa. Nilikata sekunde chache za mkono wa mwalimu, uso haumo.

Alijibu baada ya siku chache. Aliandika, "Nimeuona. Mkono wake unarudi." Akaniambia kwamba hata kwa wengine wenye kadi kama yetu ilikuwa ikitokea, lakini waliolalamika walisema tu picha inatetemeka, hakuna aliyemwambia inarudi. Akanitumia programu mpya nijaribu. Ya kwanza ilitoa picha ya kijani. Nikamwandikia. Ya pili ilitulia, kadi ikiwa imewashwa, feni ikiwa kimya.

Umeona, Devota? Mtu nisiyemjua hata jina la kijiji chake nilimweleza kwamba mkono unarudi. Bibi aliyenilea, anayechua mikono yako mbele ya macho yangu, sikumweleza. Mtu wa mbali hakuwa na njia ya kunitazama. Na hakuwa amewaambia akina mama wa kanisani kwamba mimi ni mwalimu.

Nilijaribu kurekebisha kimya kimya. Nilitaka nikufundishe upya kabla ya safari, ufike Kasulu mikono imenyooka, watu waseme mawese yamefanya kazi, na mimi nisiwe na la kusema. Nikakuonyesha "nenda" iliyonyooka. Ulitikisa kichwa. Ukanishika mkono, ukaupeleka, ukaurudisha, ukaupeleka. Niliponyoosha tena ulinipiga vidoleni. Halafu ukacheka, ukanikumbatia, ukidhani nimesahau.

Ningeweza kukulazimisha. Sikuweza kukupiga mara ya pili kwa kufanya kile kile nilichokupiga mara ya kwanza ili ukifanye.

Kwa hiyo kesho nitapanda basi pamoja nanyi. Bibi anadhani nakuja kubeba sanduku. Ninayo ile flashi, nimetia video mbili za mwalimu zikifuatana, moja niliyoirekodi kwenye kioo cha kompyuta kwa programu ya zamani, mkono unarudi, nyingine umenyooka, na nitamwonyesha mwenyewe. Nimejizoeza mbele ya ukuta wa jiko nitakachosema. Nitasema mtoto huyu hatetemeki, ameiga alichoonyeshwa, na anayeweza kuiga kosa dogo namna ile asikalishwe mahali ambapo hawasomi. Nitasema nilijua na nikanyamaza. Sijui kama atanisikia. Sijui kama sauti itatoka, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Ikishindikana nitachukua mikono yako nimwonyeshe, na wewe usishangae, usinipige vidoleni, fuata tu. Na mkikaa mkanyoosha alama zako, mwamini yeye na yale macho yako ya mchana ule parokiani. Ulikuwa sahihi kabla yangu.

Bibi nitamwambia tukiwa njiani kurudi, sisi wawili. Atanyamaza mpaka tufike nyumbani, namjua. Lakini atapaka goti lake.

Usijifunze kwangu kutazama viatu. Huko Kasulu ukiona mkono wa mtu haufanani na ulivyofundishwa, mwulize hapo hapo, hata kama aliyekufundisha unampenda. Mimi ungeniuliza mara ya nne pengine ningerudi kutazama vizuri. Au pengine nisingerudi. Sitaki kujisifu kwa jambo ambalo sikulifanya.

Bibi amemaliza blanketi. Ananiita nije nione, herufi ya mwisho imekaa upande. Kabla sijaenda, kuna jambo moja.

Zile alama zote zinyooshe, "nenda", "maji", "asante", Baba Yetu yote. Alama ya mama nayo inyooshe kwa mama wa wenzako, na kwa Agripina akija kukutembelea. Lakini unaponiita mimi, mkono wako hutoka kifuani, unakuja kwangu, unarudi kwako kidogo, ndipo unafika. Nimeutazama mwaka huu wote kabla sijajua ni kosa la mashine, na nimeutazama tena baada ya kujua. Huo usiurekebishe. Utakapokuja likizo nitakuwa stendi, niite hivyo, hata mara moja. Wakikuona wakacheka, waache. Mwalimu akikuuliza ni alama gani, mwambie umesahau. Bibi naye asijue. Hiyo moja, mwanangu, tafadhali iwe siri yetu.

Mama yako mdogo,
Yusta